Mchele, muhogo, mtama au korosho: uoke na unga upi kama ngano hairuhusiwi nyumbani

Watu wakishaambiwa waache ngano swali la kwanza huwa "unga gani bora wa kuokea?" na mi huwa nawarudishia swali, kwani unataka kuoka nini? Manake hamna unga hata mmoja unaofanya kazi zote za ngano. Ngano ina gluteni, ile protini inayofanya unga ukishakandwa uvutike bila kukatika na ushike hewa ya hamira ndani, ndo maana mkate unaumuka na chapati unaisukuma mpaka inakuwa nyembamba. Unga wote nitakaouzungumzia hapa hauna hiyo kitu, kila mmoja una uzuri wake na vituko vyake, kwa hiyo anayekwambia "weka unga wa mchele badala ya ngano, kipimo kilekile" hajawahi kuoka huyo, au ameoka hajaonja.

Nitalinganisha zile zinazopatikana kwetu bila kuhangaika sana, na nitasema waziwazi ipi naitumia kila siku na ipi naona ni kumaliza hela tu.

Kabla ya yote, angalia usije ukauziwa ngano

Atta ni ngano. Unga wa brauni ni ngano. Semolina ni ngano, tambi nyingi ni ngano, na shayiri tunayopikia supu mwezi wa Ramadhani nayo ina gluteni yake, pamoja na nafaka iitwayo rai ambayo huku kwetu haionekani sana. Mtego mkubwa kabisa ni unga wa lishe wa uji, mtu anaona ulezi na soya na karanga kwenye paketi anafurahi, hasomi mpaka mwisho, kumbe ngano imo. Vitumbua vya kununua vilevile, asili yake ni mchele mtupu lakini wapo wauzaji wanaochanganya ngano kidogo ili vishikane, we uliza tu usione aibu.

Alafu kitu kingine, kama hujapimwa na unahisi tu kwamba mkate unakusumbua tumbo, nenda kapime KABLA hujaacha ngano. Kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki (ule ambao ukila gluteni mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe) kinatafuta antibodi ambazo mwili unazitengeneza ukiwa bado unakula ngano, ukishaiacha kwa muda zinashuka na unaweza kuambiwa huna kitu wakati unacho. Aliyekuja kuonyesha ngano ndo chanzo ni daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameanza kuihisi tangu miaka ya 1930, kisha ikaja njaa ya vita kule Uholanzi majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukapotea, watoto wake wagonjwa wakapata nafuu wakati wenzao wote wanadhoofika, mkate uliporudi nao wakaanza kuumwa upya. Haya, turudi jikoni.

Mchele na muhogo

Hizi mbili ndo msingi. Ukiwa na hela ya kununua unga wa aina mbili tu nunua hizi, mengine yatafuata.

Unga wa mchele uzuri wake ni kwamba hauna ladha ya kuingilia kitu, ni mweupe, na haukosekani, ukikosa dukani una mchele nyumbani na blenda. Ubaya wake ni mchanga. Chukua unga kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada, ukihisi chengachenga hizo ndo utakazozitafuna kwenye keki, hamna uchawi wa kuziondoa ndani ya oveni. Dawa yake zipo mbili. Ya kwanza loweka mchele usiku, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa mpaka ukauke juujuu (sio ukauke kabisa), usage, uchekeche kwa chekecheo ya matundu madogo au kitambaa chepesi, kinachobaki juu unarudisha kwenye blenda. Mchele uliolowekwa unasagika laini kuliko mkavu, kina bibi wa vitumbua walishalijua hili zamani. Unga huo una unyevu kwa hiyo utumie siku hiyohiyo au uanike vizuri kabla ya kuuweka. Dawa ya pili ni ya mvivu, yaani mimi: changanya rojo la keki kisha uliache nusu saa kabla ya kuoka, chenga zinanyonya maji zinalainika. Bekingi pauda itie mwishoni ukishakaribia kuingiza ovenini.

Keki ya mchele mtupu ikitoka motoni ni tamu kwelikweli, lakini ikilala inamomonyoka, unashika kipande kinabaki mkononi nusu. Hapo ndo muhogo unaingia.

Sasa kwenye muhogo watu wanachanganya vitu viwili. Kuna unga wa muhogo, yaani makopa yaliyosagwa, muhogo mzima na nyuzi zake, na kuna wanga wa muhogo ambao madukani wanaita tapioka. Resipe ikisema kimoja ukaweka kingine umeharibu. Unga wa muhogo unanyonya maji vibaya sana, una harufu yake hasa ule uliovundikwa, lakini ukiupata mzuri ndo unaokaribia ngano kwa kushika, hasa vitu vya bapa. Wanga wenyewe hauna harufu, ukiuminya mkononi unalia, ukiutia maji unateleza, na kazi yake ni moja: kuvuta na kushikisha. Ukizidisha lakini, keki inakuwa mpira wa kandambili, inang'aa ndani na meno yanarudi.

Wanga unaweza kutengeneza mwenyewe kama una muhogo mbichi mtamu na mikono miwili. Ukune, uloweke kwenye maji mengi, ukamue kwenye kitambaa, yale maji meupe uyaache yatulie masaa kadhaa, utaona yamejigawa, juu maji chini tope jeupe gumu gumu. Mwaga maji taratibu, tope lianike mpaka likauke, ponda, chekecha. Unga wa muhogo wenyewe nunua kwa mtu unayemwamini, manake muhogo mchungu una sumu ya sianidi na unatakiwa uvundikwe au ulowekwe na kukaushwa ipasavyo kabla ya kusagwa, unga wa harakaharaka wa msimu wa njaa sio wa kuchezea.

Kwa keki, uwiano wangu ni mchele sehemu 2 kwa wanga wa muhogo sehemu 1. Yaani gramu 200 kwa 100. Na hapa nasema gramu makusudi, kikombe cha ngano kina kama gramu 125 na kikombe kilekile cha unga wa mchele kinaenda gramu 150 na zaidi, ukifuata vikombe vya resipe ya ngano unatia unga mwingi kuliko inavyotakiwa, keki inatoka kavu kisha unaulaumu mchele. Kimizani cha jikoni kwa kuoka bila ngano ni muhimu kuliko mikseri, mtu akitaka kukupa zawadi mwambie hicho.

Na kabla hujaanza kuhangaika na keki za kizungu, kumbuka pwani tuna vitu ambavyo havijawahi kuwa na ngano hata siku moja. Mkate wa kumimina (Mombasa wanauita mkate wa sinia) ni mchele uliolowekwa, tui zito, sukari, hamira, iliki na ute wa yai, unasagwa wote laini, unaumuka, unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, unapalia makaa juu ya mfuniko au unaingiza ovenini. Vileja vya Unguja ni unga wa mchele, samli na sukari, samli nusu ya uzito wa unga na sukari nusu, mayai na iliki. Kule hutafuti kushikisha kwa gluteni, kule chengachenga za mchele ndo utamu wenyewe, kileja kinavunjikia mdomoni kinaisha. Siri ni kupiga samli na sukari muda mrefu mpaka rangi inakuwa nyeupe kabla unga haujaingia, ukifanya haraka vinatanuka kwenye trei vinaungana vyote.

Mtoto akitaka biskuti za kupeleka shule mi naoka vileja. Sihangaiki kutafuta resipe ya biskuti bila ngano wakati nyanya zetu walimaliza kazi.

Mtama, ulezi na mahindi, hapa ndo kwenye mkate

Mchele ukiuoka mkate unatoka mweupe hauna ladha, unakula kwa sababu ya siagi. Mkate unataka nafaka yenye ladha, na kwa maoni yangu mshindi ni mtama mweupe. Sisitiza mweupe, ule mwekundu una ukakasi, unaacha ulimi mkavu na unachosha haraka. Mtama mweupe ladha yake ipo karibu na ngano nzima, rangi inatoka kahawia nzuri, na Waswahili walikuwa wakioka mkate wa mofa kwa unga wa mtama zamani hizo. Peke yake lakini unavunjika, unataka wanga na kitu cha kushikisha.

Ulezi, ndugu zangu wa Kenya wanauita wimbi, ni mweusi mweusi na una ladha nzito yenye udongo kidogo, kwenye mkate mweupe unaharibu sura lakini kwenye keki ya chokoleti au ya ndizi mbivu hamna unaoufikia. Rangi yake inasaidiana na kokoa, unaweza hata kupunguza kokoa. Na una kalisi nyingi kuliko nafaka zingine, gramu 100 zina kama miligramu 340, kwa watoto sio mbaya. Naweka thuluthi moja ya unga wote, nikizidisha keki inakuwa nzito na mchangamchanga.

Uwele upo pia ila mi siununui wa kusagwa, mafuta yake yanachacha mapema, unga ukikaa wiki kadhaa unakuwa mchungu. Ukipenda uwele saga kidogo kidogo.

Mahindi ni rahisi kupatikana kuliko vyote na ndo maana watu wanayakimbilia, lakini sembe ya ugali ni ya ugali. Inatoa mkate wa mahindi mzuri, wa kukata vipande na kulia maharage au mchuzi, hasa ukichanganya sembe nusu na unga wa mchele nusu, ukatumia mtindi badala ya maji na bekingi soda kidogo, trei ikiwa na moto na mafuta tayari. Kwa keki laini hapana. Dona ndo kabisa, pumba zinachubua. Wanga wa mahindi, ule mweupe wa kutilia uzito sosi na kastadi, ni kitu tofauti, huo unaweza kuchukua nafasi ya wanga wa muhogo ukiukosa, keki inakuwa laini zaidi ila inashika kidogo.

Korosho, lozi na machicha ya nazi

Mitandaoni resipe nyingi za Ulaya na Marekani zinasema unga wa lozi, lozi, lozi. Keki yake ni tamu sana, laini, haikauki hata siku ya tatu, sibishi. Lakini bei ya lozi kwetu unaijua. Korosho inafanya kazi ileile gramu kwa gramu, na Mtwara na Lindi wanazitoa kwa magunia, nunua zile vipande vilivyovunjika maana bei yake ni ndogo na we unakwenda kusaga vilevile. Ziweke friza kwanza, saga kwenye blenda kavu kwa kubonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, chekecha. Ukiiachia blenda ikimbie mfululizo mafuta yanatoka unapata siagi ya korosho, tamu pia lakini sio ulichotaka.

Unga wa korosho au lozi unaungua haraka, shusha oveni mpaka nyuzi 160 na ufunike juu na foili ukishaona rangi. Na uliza wageni kama yupo anayedhurika na korosho, hili sio la mzaha.

Unga wa nazi ndo kituko. Dukani ni ghali, ila nyumbani unatokana na machicha, yale mabaki tunayotupia kuku baada ya kukamua tui. Tandaza kwenye trei nyembamba, kausha kwa moto mdogo wa nyuzi 90 hivi ukigeuzageuza mpaka yakishikwa yanasikika makavu, saga, chekecha. Huo wa nyumbani unabaki na mafuta kuliko wa dukani kwa hiyo uweke friji. Sasa tabia yake: unakunywa maji bila kushiba. Robo kikombe mpaka theluthi unachukua kazi ya kikombe kizima cha ngano, na unataka mayai mengi, vinginevyo unatafuna chicha lenye sukari. Mi siufanyi msingi wa kitu. Naweka vijiko viwili vitatu kwenye keki ya mchele, unashika unyevu na keki inakaa siku ya pili na ya tatu bila kukauka. Kwa kitu cha bure hicho ni faida kubwa.

Dengu nitaipitia haraka. Unga wa dengu una protini nyingi, unashika vizuri, na mbichi unanuka maharage. Kwenye vitu vya chumvi poa, kwenye keki ya vanila utajuta, labda ukikaange mkavu kwanza na utie kidogo sana. Unga wa ndizi mbichi, wa Kagera au Uganda, ni mzuri kwenye pankeki, unafanya rangi iwe ya kijivu kijivu lakini ladha haisumbui. Viazi lishe vya rangi ya chungwa mi navichemsha navipondaponda naviingiza kama vilivyo, sina haja ya unga wake.

Kitu cha kushikisha: zanthani, isabgoli au uji

Ukishachagua unga bado hujamaliza, manake ile kazi ya gluteni lazima mtu aifanye.

Zanthani ni ule unga mweupe wa gamu, unatengenezwa kwa bakteria wanaochachusha sukari, maabara za wizara ya kilimo ya Marekani ndo waliuvumbua na mwaka 1969 ukaruhusiwa kwenye chakula kule. Kidogo tu kinatosha, robo kijiko cha chai kwa kila kikombe cha unga wa keki, kwa mkate nusu mpaka kijiko kizima. Ukizidisha unapata utelezi kama bamia. Shida ni upatikanaji, supamaketi kubwa kubwa tu na kwa bei ya kushtua, na wengine tumbo linajaa gesi.

Isabgoli ni maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye boksi duka la dawa au maduka ya Wahindi, watu wengi wanaijua kama dawa ya choo kigumu. Kwenye mkate hii ndo mfalme. Ukiitia maji inafura ndani ya dakika chache inakuwa jeli nzito unayoweza kuinyanyua kwa mkono, na jeli hiyo inashika hewa ya hamira kiasi kwamba unga unafinyangika, unaweza kuuviringisha kabisa. Chukua isiyo na ladha, zipo zenye ladha ya chungwa na sukari ndani, mkate wa chungwa hukuutaka.

Ya tatu ni ya bure, uji. Chukua unga wa mchele vijiko vitatu, maji kikombe, pika mpaka uwe mzito wa kushika mwiko, upoe, uchanganye kwenye rojo lako. Wanga uliopikwa unashikisha. Kwa keki na pankeki inatosha kabisa, kwa mkate inasaidia ila haiifikii isabgoli.

Chaguo langu: keki, uji au yai moja la ziada. Mkate, isabgoli. Zanthani nawaachia waliokaa karibu na supamaketi.

Mkate wenyewe

Naandika huu mmoja kwa urefu kwa sababu ndo unaokatisha watu tamaa. Unga wa mtama mweupe gramu 150, unga wa mchele gramu 100, wanga wa muhogo gramu 100, isabgoli gramu 20, hamira gramu 7, sukari gramu 20, chumvi kijiko cha chai, mayai 2, mafuta vijiko viwili vya chakula, maji vuguvugu mililita 330.

Maji na isabgoli kwanza, koroga haraka kabla haijaganda mabonge, iache dakika 5. Vikavu vyote changanya pembeni kwa mchapo, hamira ikiwemo. Tia jeli, mayai, mafuta, piga kwa mwiko au mkono mpaka mabonge yote yaishe. Hutakanda robo saa, hamna gluteni ya kuijenga, ukishaona umechanganyika basi. Unga utakuwa unanata kuliko wa ngano, na hapa ndo watu wanaharibu, wanaona unanata wanaongeza unga, wanaongeza tena, mkate unatoka tofali. Uache unate. Paka mikono mafuta, ulaze kwenye trei ya mkate, lainisha juu kwa mkono wenye maji.

Unaumuka mara moja tu, sio mara mbili, dakika 45 mpaka saa kwenye joto la Dar, ukishafika karibu na ukingo ingiza usisubiri upite, ukizidi kuumuka unaporomoka ukiwa ndani. Nyuzi 200, kama saa nzima. Juu ukiwa umeiva mapema funika. Ukitoka utaona ngozi ngumu na harufu itakumaliza, lakini USIKATE. Ndani wanga bado unajipanga, ukikata wa moto kisu kinatoka na utando unadhani haujaiva. Masaa mawili kwenye waya.

Kwa jiko la mkaa inawezekana, moto juu na chini, ila makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini na sufuria ikae juu ya vijiwe au chumvi ndani ya sufuria kubwa, manake huu mkate unakaa motoni muda mrefu na chini unaungua.

Chapati na maandazi, tuambiane ukweli

Chapati ya tabaka zile za kuchambuka, ya kumwaga samli na kukunja, bila ngano haipo. Atakayekuonyesha video ameiedit. Inayowezekana ni chapati bapa laini: unga wa mchele na wanga wa muhogo nusu kwa nusu, chumvi, kijiko cha isabgoli, mimina maji yanayochemka, koroga kwa mwiko, funika dakika 10, kanda ungali vuguvugu, sukuma katikati ya mifuko miwili ya plastiki. Ile ya moto inakunjika vizuri na mchuzi wa kuku. Ikipoa inakauka, ipashe juu ya mvuke.

Maandazi yanatoka, lakini hayavimbi tumbo. Yanakuwa magumu kidogo nje na mazito ndani. Mtu wangu akitamani kitu cha kukaanga na chai asubuhi namkaangia vitumbua.

Mix ya dukani au uchanganye mwenyewe?

Kwa walioko Uingereza, Marekani na Ghuba, mix zimejaa madukani na ukisoma nyuma utakuta ni mchele, wanga wa viazi, tapioka, mahindi, pengine na zanthani, yaani yaleyale. Faida yake ni lebo: Ulaya na Marekani kitu kikiandikwa hakina gluteni sharti gluteni iwe chini ya miligramu 20 kwa kilo. Mwenye siliaki na asiye na muda, huko nunua. Kwa Nairobi na Dar zinapatikana ila ni za kuagizwa, bei yake utapata kilo kadhaa za unga wa mchele na muhogo, na mara nyingi zina wanga mwingi hazina ladha. Changanya mwenyewe kilo tatu kwa mpigo, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, andika kwa marka ndani kuna nini.

Ila kwa mwenye siliaki kweli, sio wa kupunguza mwili, mashine ya kusaga ya mtaani ni tatizo. Ukipeleka mtama wako msafi na aliyekutangulia alisaga ngano, unga wa mwanzo unaotoka ni wa kwake. Wengine wanasaga kilo moja ya mahindi kwanza kusafisha, inapunguza lakini haimalizi. Bora blenda yako ya nyumbani au mashine inayosaga nafaka moja tu. Nyumbani pia, mwiko wa mbao, chekecheo, ubao wa kusukumia chapati na ile trei ya zamani yenye mikwaruzo vinabeba ngano hata ukiosha, mnunulie mgonjwa vyake vyenye rangi tofauti na watu wa nyumba wajue kabisa kwamba havigusi unga mwingine. Na ukioka vyote siku moja, anza na visivyo na ngano, manake unga wa ngano ukishapepetwa unabaki hewani unatua kila mahali.

Mkate ukishapoa kata wote vipande siku hiyohiyo, panga na karatasi katikati, uingize friza. Friji usiweke, kwenye friji unakakamaa haraka kuliko hata ukiuacha mezani. Asubuhi toa vipande viwili, moja kwa moja kwenye tosta au kikaangio chenye siagi.